Bibi Yangu Amesamehe kwa Neno la Joka

Admin, salamu kwako na kwa wote mnaosoma. Naomba unifichie jina, maana nusu ya jumuiya yetu imo humu, na wengine ndio wa kwanza kukomenti. Mimi ni binti wa miaka kumi na nane, nipo kidato cha tano. Wazazi wangu wanaishi Elerai, ila kila likizo natumwa Akheri kwa bibi mzaa baba kumsaidia kuchuma kahawa. Huko ndiko nilikoharibu.

Kwanza mnijue. Nikishika kitabu cha hadithi sisikii la mtu. Likizo hii nimeunguza makande mara mbili, na mara ya pili moshi ulimleta jirani mbio, mimi niko hapo hapo jikoni nageuza ukurasa. Halafu kitabu kikiisha vibaya nakasirika kama nimeibiwa. Nina daftari zima la miisho yangu mwenyewe. Mama anasema nitafeli mtihani kwa kuwalilia watu ambao hawakuzaliwa.

Sasa, nilikuja na kitabu cha kuazima kwa mwanafunzi mwenzangu. Ni cha Kiingereza, kinene, nimekivalisha kava la kaki kama madaftari. Kinahusu malkia anayetawala chini ya mlima, ana joka linalomtii, na ana mdogo wake ambaye wamekosana. Siku moja tunachambua kahawa, bibi akaniuliza, "Unacheka nini peke yako? Nisomee na mimi." Bibi hajui kusoma. Nikaanza kumtafsiria, Kimeru na Kiswahili nimechanganya humo humo. Nilipofika kwenye joka akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ahaa, hilo ni la Ufunuo. Mchungaji alishalihubiri."

Nilitakiwa nimwambie pale pale. Sikumwambia. Niliona akijua ni hadithi za kutunga atanirudisha shambani, na mimi nilikuwa na hamu ya kujua mbele. Basi ikawa kila jioni bibi ananawa, anafunga kitambaa kichwani, anasema, "Mjukuu wangu, lete Neno." Tena anaomba kwanza, jamani. Anafumba macho, anamshukuru Mungu kwa mjukuu anayempenda Yesu, na mimi nimekaa na joka langu mapajani.

Wiki iliyopita tukafika mwisho. Malkia analiamuru joka limchome mdogo wake, joka linamchoma, kisha malkia naye anakufa kwa uchungu. Ukurasa mmoja tu, ndugu wawili wamekwisha. Nilimkasirikia mwandishi mpaka nikasimama. Bibi ananitazama, anangoja. Nikaangalia kitabu nikasoma kitu ambacho hakimo. Nikasema joka lilikataa. Lilimwambia malkia, "Huyu mmenyonya ziwa moja. Ukimchoma, moshi utaingia nyumbani kwako."

Bibi alifungua kitambaa kichwani, akajifunika nacho uso. Kisha akalia.

Hapa niwaeleze. Bibi ana mdogo wake, tunamwita Bibi Mdogo, ameolewa jirani, chini kidogo ya kwetu. Miaka kumi na miwili iliyopita alijifungulia maji ya mfereji siku ya zamu ya bibi, miche ya kahawa ya bibi ikakauka yote. Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Kanisani mmoja akikaa kulia, mwenzake anakwenda kushoto. Wachungaji wamejaribu, wazee wa ukoo wamejaribu, imeshindikana.

Asubuhi yake bibi alikata jani la sale pale mpakani, akalifunga fundo, akashuka nalo kwa mdogo wake. Kwetu mkosaji akikuletea sale huwezi kumkatalia msamaha, na bibi ndiye aliyekosewa, lakini ndiye aliyelipeleka. Nilimfuata kwa nyuma. Bibi Mdogo alilipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kwenye matope. "Dada, nani amekulainisha?" Bibi akajibu, "Neno. Mjukuu amenisomea Ufunuo."

Furaha niliyoipata haikufika jioni, kwa sababu Bibi Mdogo anajua kusoma. Ana Biblia na miwani, na tangu siku ile anapekua Ufunuo mstari kwa mstari. Jana ameniita, "Mjukuu, ni sura ya ngapi? Nimefika ya kumi na mbili, joka nimeliona, lakini hili linagombana na malaika." Nikamwambia nitamwonyesha. Akasema sawa, kwani kiongozi wa jumuiya ameshapanga: Jumamosi ibada ni kwetu, wao wawili watatoa ushuhuda, na mimi nitasoma hilo Neno mbele ya watu.

Nimefikiria kusingizia kuumwa. Nimefikiria kurudi Elerai kesho alfajiri. Nimefungua Biblia nitafute mstari unaofanana, nikapata mizuri mingi, lakini bibi ameyashika yale maneno kwa kichwa, hadanganyiki. Nikisema ukweli, nimemwaibisha mtu mzima mbele ya jumuiya nzima. Nikisoma, nitakuwa nimesimama mbele za Mungu nikimsingizia maneno yangu.

Leo asubuhi maji yameingia kwenye kahawa yetu wakati si zamu yetu. Ni Bibi Mdogo ametuachia zamu yake. Bibi alisimama kwenye mfereji na gambuti zake, akaniambia, "Unaona? Lingekuwa Neno la uongo, haya maji yangetoka wapi?"

Na nyie msiniambie tu "sema ukweli" halafu mkaendelea na mengine. Mwandishi wa kile kitabu aliwaua ndugu wawili kwa ukurasa mmoja, nikamtukana. Wangu wako nje saa hizi, wanachambua kahawa kwenye ungo mmoja, na ukurasa ninao mimi. Nishaurini, nifanye nini?