Mamba wa Karatasi ya Njugu

Kitabu kitamu kuliko vyote vya utoto wangu tulikisoma kwa kula njugu. Bibi mmoja muuza njugu, pale Old Kampala, alikiokota katika duka lililobaki wazi Wahindi wenye duka walipofukuzwa nchini. Karatasi za kufungia zilikuwa adimu, basi akawa anakichana ukurasa mmoja mmoja, kuanzia mwanzo, anasokota vifuko. Kilikuwa cha Kiingereza, hadithi ya watoto waliozurura porini na wanyama wakali. Kila jioni kaka yangu alinunua kifuko, tukala, kisha akatutafsiria. Mafuta yalipofuta maneno alibuni yake, bila haya.

Tukafika pale mamba alipomdaka mvulana mguu, na ukurasa ukaisha. Mdogo wangu wa kike akasusa kula. Mama alimpikia matoke kwa mchuzi wa njugu, mtoto akageuza uso. Hali chakula, alisema, mpaka ajue kama yule mtoto katoka. Kesho yake alikuwa bado hajala. Mama akaanza kumsomea dua, na mimi nikaingiwa na hofu ya kweli.

Tukakimbia kwa yule bibi. Akasema nyingine zimeshauzwa, na ukurasa wa mwisho umekwenda na askari, yule pale, anayetafuna kando ya mtaro. Miaka ile ukimwona askari ulivuka barabara kumkwepa. Mdogo wangu alimwendea moja kwa moja, akamwomba mamba wake.

Askari alikuwa mtu wa kaskazini, na Kiingereza hakukijua. Tulipomweleza kisa akaacha kutafuna, akamimina njugu mfukoni, akamkunjulia kaka karatasi.

"Wewe soma. Ile mtoto natoka ama hapana?"

Nikachungulia. Lilikuwa tangazo la vitabu vingine tu. Kaka akajifanya anasoma kwamba wenzake walimvuta yule mvulana, akatoka.

"Na mguu?" akauliza mdogo wangu.

Kaka, bingwa wetu wa kubuni, akaanza kuigeuzageuza karatasi. Askari akamtazama mtoto, akaitazama karatasi kwa hasira, akaiweka sawa bunduki begani.

"Mguu nabaki na yeye. Muzima. Mimi nasema."

Siku hizo askari akishasema, nani wa kubisha? Mdogo wangu aliona wazi kwamba hata mamba asingethubutu. Tulipofika nyumbani alikula sahani yake, akala na ya kaka.