Jeti Mbili na Ng'ombe wa Mutuini

Kwa miezi minne sikuwahi kuzima pikipiki mbele ya lango la mtu. Niliiegemeza kwenye ua, nikaiacha ingurume peke yake, nikaingia kumhudumia ng'ombe, na nikitoka nilikuta moshi mweusi umeshafikia nguo zilizoanikwa. Wenye nyumba walidhani nina haraka. Wengine waliyaita maringo, kwamba daktari anataka mtaa mzima ujue amefika. Ukweli ni kwamba nikiizima ikiwa moto haikuwaka tena mpaka ipoe, na mtu mzima aliyevaa koti jeupe akipiga kiki mara thelathini mbele ya wateja hubaki na heshima kidogo sana.

Daktari sikuwa, ingawa kila mtu aliniita hivyo na mimi sikujisumbua kukanusha. Kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe bila ndume. Mbegu zilikaa kwenye mtungi wa baridi kali niliofunga nyuma ya kiti, nami nikazifikisha zinapotakiwa, kuanzia Uthiru tulikopanga nyumba hadi vishamba vya Mutuini vilivyokuwa vimebanwa na nyumba mpya za kupangisha. Saa ndiyo kila kitu katika kazi ile. Ng'ombe akiingia joto asubuhi, ahudumiwe jioni hiyohiyo; akiingia jioni, kesho yake asubuhi. Ukipitisha hapo umefanya kazi bure, na utangoja siku ishirini na moja joto lirudi. Simu za mkononi zilikuwa zimeingia karibu kila nyumba lakini salio lilikuwa adimu, kwa hiyo nilikubaliana na wateja wangu: ukiniflashi, yaani ukipiga na kukata kabla sijapokea, mara mbili, ng'ombe yuko joto. Mara moja, ni salamu tu, nitapiga nikipata nafasi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya miguu mirefu na matairi ya meno, ile aina inayokwenda lami vizuri na kuparamia tope vizuri zaidi. Niliinunua kwenye mnada wa mradi uliofungwa huko Kibwezi, karibu na kwetu. Kule chini kwenye joto ilikwenda kama maji. Nilipoipandisha kuja Nairobi ikaanza kukohoa, na kadiri mlima ulivyozidi ndivyo ilivyozidi kukohoa. Baadaye nilielewa kwa nini: huku juu hewa ni nyepesi, na kaburetaa iliyopimwa kwa ajili ya Kibwezi ilikuwa inaimiminia injini petroli nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Kuelewa huko hakukuja haraka, maana mimi ni mbishi, na mafundi wa kando ya barabara walikuwa wamenijua kwa ubishi huo. Nilisema hakuna atakayegusa kaburetaa yangu. Mtu anayeweza kumpandisha ng'ombe mkali kwenye boma lenye giza atashindwaje na kitu cha saizi ya kikombe?

Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa niliifungulia barazani. Mke wangu, mwalimu, alinipa beseni moja kuukuu na kuniapia kwamba nikigusa sinia lake la wali nitatafuta pa kulala. Nilivaa glavu zangu za kazi, zile za plastiki zinazofika begani, ili petroli isiniunguze ngozi, na majirani walicheka mpaka wakachoka. Wacheke. Vifaa vyangu vya ng'ombe vilinifaa. Ule mrija mrefu wa plastiki angavu ninaouvalisha chuma cha kupandishia, niliuchomeka chini ya kibakuli cha kaburetaa nikaupindisha juu, na petroli ikapanda ndani yake ikanionyesha kama boya la ndani, lile linalozuia petroli isizidi, limekaa kimo chake. Sikusoma hilo popote. Mpaka leo najivunia mrija ule.

Lakini kuna Jumapili moja nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Ile jeti ndogo, kijiti cha shaba nyeupe chenye tundu la kupimia petroli injini ikiwa imetulia, ilikuwa imeziba kwa uchafu. Niliipuliza, ikakataa. Nikachomoa uzi mmoja wa waya kutoka kebo kuukuu ya klachi nikaichokora. Nikachokora tena ili niwe na hakika. Nilipoielekeza juani mwanga ulipita safi kabisa, na nikajipongeza. Kuanzia siku hiyo ndipo pikipiki ilipokataa kuwaka ikiwa moto, na sikuwahi hata siku moja kuushuku ule waya. Nilishuku petroli, nikashuku plagi, nikashuku waliouza mnadani.

Mama mmoja wa Mutuini, mjane aliyestaafu kazi ya kupika shuleni, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu mwenye nyota nyeupe usoni. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakiendesha nyumba, na sasa yalikuwa yanakauka. Bila ndama yasingerudi. Aliniflashi mara mbili asubuhi moja, na mimi nikafika kesho yake saa sita mchana, kwa kuwa pikipiki ilinizimikia njiani mara tatu, usiku ukanikuta nikarudi nyumbani. Nilimhudumia ng'ombe nikijua nimechelewa. Siku ishirini na moja zikapita, ng'ombe akarudi kulia, dalili kwamba joto limerudi na hana mimba. Safari hiyo mama aliniflashi jioni, nami nikatokea kesho yake jioni nikiwa na masizi hadi kwenye kola, nikamhudumia tena. Mama akaniuliza kwa upole kwa nini ng'ombe hashiki mimba.

Nikamwambia huenda ana kasoro ya kizazi.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu, kwa sauti ileile ya kitaalamu niliyotumia nikisema ukweli. Mama akatikisa kichwa taratibu, akasema basi, kama hatashika na safari hii atamwita mtu wa machinjio ya Dagoretti. Nikapanda pikipiki yangu iliyokuwa bado inanguruma langoni, nikaondoka. Nilikula chakula cha jioni bila kuhisi ladha yake. Nilikuwa nimemhukumu kifo ng'ombe mzima kwa sababu ya kaburetaa.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, nilipanda basi kwenda mjini, ile mitaa ya chini inakouzwa vipuri. Nilikuwa nimebeba kaburetaa yote na plagi kwenye mfuko wa unga. Duka nililoingia lilikuwa la mzee mmoja wa Kisikh, mwenye kilemba cha buluu na kabati la droo ndogondogo za mbao nyuma yake. Hakuniuliza pikipiki ni ya kampuni gani. Aliniuliza inafanya kazi wapi, na kabla ya hapo ilifanya kazi wapi. Nilipomwambia Kibwezi akaguna kama mtu aliyeshajibiwa. Aliitisha plagi, akaigeuza, akajipaka masizi yake kwenye kidole na kunionyesha. Kisha akazifungua jeti mwenyewe, akainua ile ndogo kwenye mwanga wa mlango, ikiwa ubavuni mwa nyingine mpya ya namba ileile. Akaniita nitazame. Tundu la yangu lilikuwa limepanuka na kwenda upande.

"Hii umechokora na waya," akasema.

Nikasema niliinunua hivyo mnadani. Hakubishana. Aliniuliza kazi yangu ni nini, nami nikamweleza kwa kirefu, maana nilitaka ajue hazungumzi na mtu wa hivihivi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka ile jeti juu ya kaunta mbele yangu.

"Na ng'ombe, unafanyia hivi?"

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Lakini jambo la kwanza tulilofundishwa katika kazi yangu ni kwamba chuma hakisukumwi. Unangoja, unatafuta njia kwa vidole, njia ikifunguka unapita. Ukitumia nguvu umemharibu ng'ombe, na hakuna dawa ya kuurudisha mwili ulivyokuwa. Nilikuwa nimewakaripia wenzangu kwa jambo hilo. Nikamwambia mzee ni mimi niliyechokora.

Akafungua droo mbili. Alinipa jeti ndogo mpya, na jeti kubwa yenye namba ya chini, yaani tundu dogo, kuliko ile ya Kibwezi, zote mbili zimekunjwa kwenye kipande cha gazeti. Akaniagiza nipandishe kibanio cha sindano inayopimia petroli ngazi moja ili sindano ishuke, na nisafishe kwa pumzi tu, pampu ya baiskeli inatosha. Nilipomwomba aniuzie kaburetaa mpya akakataa. Alisema hii haina ugonjwa.

Maneno hayo yalinifuata ndani ya basi mpaka Uthiru.

Jumamosi nilifanya kazi ile kwa adabu kuliko nilivyowahi kufanya. Nilipuliza kila njia kwa pampu, nikafunga jeti kwa vidole kwanza na bisibisi mwisho, nikapima boya kwa mrija wangu. Skrubu ya hewa niliikaza mpaka ilipogusa, nikailegeza mzunguko mmoja na nusu, kisha nikasogeza robo kwa robo nikisikiliza injini, mpaka ikatulia na kupumua sawasawa. Nikaipanda hadi Mutuini, mpaka kileleni, nikaizima makusudi ikiwa moto. Nikangoja, kisha nikapiga kiki moja tu, ikawaka. Nilicheka peke yangu pale barabarani, na mwanamke aliyebeba majani ya ng'ombe akavuka upande wa pili.

Jumatatu, alfajiri, mama aliniflashi mara mbili. Nilimpigia papo hapo. Akasema ng'ombe analia tangu usiku, lakini nisijisumbue: ameshaongea na mtu wa machinjio, pikapu inakuja kesho. Ameniarifu tu kwa kuwa ndiyo desturi yetu. Nikamwambia nitakuja jioni kwa saa inayotakiwa, na kwamba nina neno.

Nilifika saa kumi kamili. Mama alikuwa amesimama langoni, mikono ndani ya leso.

"Mama, ng'ombe wako hana kasoro yoyote. Nilichelewa mimi, mara zote mbili, halafu nikamsingizia yeye."

Akauliza nilichelewa kwa nini, nikamweleza habari za pikipiki na waya, na kwa kila neno nilijiona napungua kimo. Hakucheka wala hakunikaripia. Alisema ameshatoa neno lake kwa watu, na sasa ninamfanya aonekane mtu asiyejua anachotaka. Nikamwomba siku ishirini na moja. Akageuka kumwangalia ng'ombe wake.

"Sawa. Lakini akilia tena, anaenda. Na wewe daktari usirudi hapa."

Nilimhudumia yule ng'ombe bila haraka hata chembe. Njia ilifunguka yenyewe.

Siku zile nilizihesabu kama mfungwa. Kila simu ilipoflashi niliidaka kutazama ni nani. Siku ya ishirini na moja ilipambazuka bila flashi yoyote, lakini hilo halikunituliza, kwa sababu mama angeweza kuwa ameamua kutonishirikisha tena. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa langoni kwake. Kwa mazoea, niliiacha pikipiki ikinguruma pale kwenye ua, ingawa haikuwa na sababu tena. Mama alitoka jikoni na birika mkononi.

"Zima hiyo kitu, tusikie."

Nikageuza ufunguo. Tukasimama wawili bega kwa bega, tukielekeza masikio bomani. Kuku walikuwa wanapekua taka, na redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Kutoka bomani hakukuja mlio wowote. Nilinyata mpaka kwenye mbao nikachungulia: ng'ombe alikuwa amelala chini, macho nusu, anacheua.

"Mimi nasikiliza tangu saa kumi alfajiri," mama akasema nyuma yangu.

Nikataka kusema kitu cha kitaalamu, kwamba tungoje miezi miwili nimpime kwa mkono ndipo tuwe na hakika. Kabla sijafungua kinywa mama akaniwekea kigoda jikoni akanimiminia chai, na ilipoisha akanimiminia nyingine, na pikipiki ikapoa kabisa pale langoni bila mimi kugeuka kuitazama.