Mshono Chini ya Bawa la Ndege

Siku hizi naishi Dar es Salaam, na kila jioni nawaona vijana wakijipiga picha kwa simu mbele ya maghorofa ambayo mlinzi hawezi kuwaruhusu waingie. Wenzangu wanawacheka. Mimi siwezi. Kwetu, picha ya mji iliingia nyumbani kabla ya taa ya umeme, na hasira yake sijaimaliza.

Miaka ya sabini kaka yangu aliondoka kijijini kwetu Murungu kwenda kutafuta kazi Dar. Noeli ya kwanza dereva wa lori akatuletea bahasha. Ndani mlikuwa na picha: kaka kavaa koti, nyuma yake ghorofa, taa ya barabarani na ndege angani. Nyuma ameandika, “Mama, nipo salama mjini.” Mama akaibandika ukutani kwa uji wa muhogo, na majirani wakawa wanakuja kuutazama mji. Wanaume ambao hawajawahi kuvuka Kasulu walibishana ghorofa lile linalaza watu wangapi. Wasichana wakaanza kuwakataa vijana wa jembe. Noeli ya pili ikaja nyingine, na shati jipya. Ya tatu, shati jingine tena.

“Mji haumzeeshi mwanangu,” mama alisema, na sisi wajinga tukafurahi.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kasulu kupiga picha za pasipoti za kuombea chuo cha ualimu. Mpiga picha alikuwa mzee wa Kiislamu, mtu wa asili ya pwani. Alipovuta pazia nikauona mji wote umechorwa kwenye kitambaa: ghorofa, taa, ndege. Chini ya bawa la ndege kitambaa kilikuwa kimechanika na kushonwa kwa uzi mweusi. Mshono ule nilikuwa nimeukodolea macho miaka mitatu nyumbani, nikidhani ni waya wa umeme.

Nikamtajia jina la kaka.

“Kaa, mwanangu,” akasema. “Vijana wengi hupiga hapa kabla ya kwenda kupanda treni Kigoma. Wanasema huko huenda wasiwe na hali ya kupigwa picha. Wanabadilisha mashati yangu, wananiachia picha, nami napeleka moja kila Noeli. Ni amana.”

“Na yeye mwenyewe, babu, umepata habari zake?”

“Tangu siku ile, hata neno.”

Akafungua droo. Ilibaki bahasha moja, imefungwa.

Nikajiona mwerevu. Ikienda mwaka huu, mwakani mama atabaki mikono mitupu. Nikambembeleza mzee aruke mwaka mmoja, labda kaka angeleta habari kabla picha hazijaisha. Alinung'unika kwamba amana haichezewi, lakini machozi yangu yalimshinda.

Noeli ile mama alikaa mlangoni siku nne. Lori lilipita, likarudi, halikusimama. Siku ya tano akazibandua picha zote, akazifunga kwenye kanga, akanyoa nywele.

“Mwana wanje, mwanangu, amekufa,” akasema. “Angekuwa hai asingenisahau.”

Maneno yalinijaa mdomoni. Lakini kusema kwamba picha ipo Kasulu kulikuwa kusema kwamba zote zilitoka Kasulu. Nikanyamaza kwa woga, nikalia naye msiba nisioujua kama ni wa kweli. Tangu hapo chakula kilimshinda. Tulimzika kabla mvua za masika hazijaisha.

Mzee wa Kasulu alikuwa mwaminifu. Noeli iliyofuata dereva alisimamisha lori, akanipa bahasha yenye jina la mama. Kaka amevaa shati la mistari, anacheka kidogo. Nyuma ameandika, “Mama, hii ndiyo ya mwisho. Noeli ijayo nakuja mwenyewe, tule pamoja.”

Kwa hesabu yake, Noeli aliyoisema ilikuwa ndiyo hiyo. Nikainjika maharage ya watu wawili, nikakaa mlangoni alipokuwa akikaa mama, mpaka yakapoa.