Sikio la Fundi Friji

Fundi wetu wa friji hana haraka ya kufungua sanduku la vifaa, hulikalia kwanza. Hutega sikio ubavuni mwa friji, kisha hulipapasa mgongoni taratibu, kama anayempima mtoto homa. Juzi maziwa yalikuwa yamechacha kwa siku ya tatu mfululizo, na mama ameapa friji litupwe. Fundi alipofungua mlango, akakuta sufuria ya maharage ya mama, ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa, imeziba tundu la kupitishia baridi. Akaisogeza kimyakimya.

"Friji ni zima, mama. Ni hawa watoto tu, wanapanga vitu ovyo."

Mama akanigeukia. "Si nilikwambia?"

Mtoto humu ndani ni mimi peke yangu, na nina miaka arobaini na mbili. Fundi akabeba sanduku lake bila kulifungua, mabega yakimcheza kwa kicheko.