Punje za Njia Panda

Enzi za mkoloni, reli ilikuwa imeishia mji wa chini, maili arobaini kutoka sokoni kwetu. Serikali ikataka kujua kama inafaa kuirefusha. Siku hizi kazi hiyo wangepewa wasomi kumi na wawili wenye miwani. Zama zile alipewa mtu mmoja mwenye goti bovu, na hadi leo nasema alitosha.

Alikuwa mpagazi miaka kumi na sita, mpaka goti likagoma. Wakamweka njia panda, karibu na kisima, juu ya kigoda, na debe la mahindi na chungu kidogo kitupu. Kila mzigo ukipita kichwani mwa mtu, adondoshe punje moja chunguni. Ndiyo maana tukamwita Punje. Karani wa reli alimweleza waziwazi: "Unahesabu mwezi mzima. Ikifika mia tano kwa siku, treni inakuja. Ikipungua, sahau."

Habari haikulala njiani. Jioni ile ile shemeji yake, kaka wa mkewe, mnyapara wa wapagazi mia mbili, akaja akakalia kiti pekee cha nyumba.

"Shemeji, treni ikija, mimi na watu wangu tutakula nini? Mataruma ya reli?"

"Mimi nahesabu tu, shemeji."

"Basi hesabu vizuri. Siku treni ikitia mguu hapa, namchukua dada yangu. Simwachi kwa mtu aliyemwaga unga wangu."

Dada mwenyewe alikuwa pale pale anachochea moto. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa, Punje alimpenda mkewe, jambo ambalo wanaume wa rika lake walilificha kama upele. Siku nne alihesabu roho mkononi. Wapagazi, wachuuzi, wote kwa wote: mia tatu na kumi kwa siku. Akashusha pumzi. Treni haiji, mke habanduki, na uongo hakusema hata wa punje moja. Akaenda nyumbani kujigamba.

"Mia tatu na kumi tu?" mkewe akauliza. "Na mimi leo nimepita mara ngapi?"

"Mara tatu. Lakini wewe ulibeba maji."

"Kwani maji niliyabeba kwa mguu?"

Punje akacheka. Mkewe hakucheka. Akainua ndoo iliyojaa pomoni, akamtwika. "Fika mlangoni, urudi."

Kufika alifika. Kurudi, goti likamkumbusha miaka yote kumi na sita, mmoja mmoja.

Kesho yake akahesabu maji. Akahesabu na kuni, na mama mmoja aliyepita na kitanda. Si karani alisema kila mzigo? Jioni zikawa punje mia nane na arobaini, na Punje akaenda kuazima chungu cha pili.

Baada ya miaka miwili treni ikaja. Na kwa kuwa vitabu vya karani vilionyesha mizigo yote ya nchi inapita kisimani, kituo kikajengwa kisimani, maili tatu kabla ya soko. Hakuna aliyeuliza mizigo ile ilikuwa nini.

Shemeji hakusahau neno lake. Alikuja na kamba ya kufungia vyombo, akamkuta dada yake kisimani, kwenye foleni. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa kichwa cha treni. Kilikuwa kinakunywa maji tangu asubuhi.

"Funga vitu vyako, twende."

"Twende wapi? Yale magunia unadhani yanamsubiri nani?"

Kituoni magunia mia nne yalikuwa yamekaa yakiitazama njia ya soko. Shemeji naye akayatazama. Maili arobaini zilikuwa siku tatu za kulala porini. Maili tatu, mtu anarudi kula mchana kwake. Akakohoa, akaulizia hali ya shemeji yake, kisha akaikunja ile kamba na kwenda kuwaita watu wake.

Mkewe Punje alirudi jua linazama, na ndoo nusu. Akaitua polepole, akaingia ndani, akatoka na kigoda na lile debe la mahindi, akamwekea mumewe miguuni.

"Kesho nenda kahesabu ndoo anazokunywa yule mgeni wenu."

Punje alikwenda. Mahindi yaliisha kabla ya adhuhuri.