Sikio la Fundi Twalib

Tela la boti haliuawi na mzigo, linauawa na maji. Fundi Twalib amelisema hilo Musoma nzima mpaka watu wamechoka kumsikia, na bado hawashiki. Mtu anatoka safari ndefu, magurudumu yamechemka, anafika ziwani na papo hapo analirudisha tela majini ashushe boti yake. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi huyavuta ndani, grisi inakuwa uji, na beringi inaanza kuliwa na kutu huku kwa nje gurudumu linang'aa. Ukimwambia asubiri kidogo lipoe, anakuona unamchelewesha.

Ndiyo maana Twalib hakuwahi kuamini macho. Alipiga jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake sikioni, kisha akafumba macho. Hata dukani alikuwa hivyohivyo. Beringi mpya aliifungua kwenye karatasi yake, akaizungusha kwa kidole karibu na sikio, akairudisha, akaomba nyingine, na muuza duka akanuna apendavyo. Watu walimletea matela kutoka Butiama na Bunda, wakisema lililopita kwenye sikio la Twalib halilali njiani.

Basi sikio lenyewe likafa. Nyundo na grainda za miaka yote hiyo zililila polepole, na aliyegundua kwanza ni mkewe, Shamsia. Aliona mumewe hatoki tena kwa adhana, anatoka akiwaona majirani wamevaa kofia wanapita. Akimsemesha kutoka jikoni, kimya. Shamsia alidhani ni kiburi, naye akamnunia siku kadhaa. Mpaka mfuniko wa sufuria ulipomponyoka ukalia kwenye sakafu nyuma ya mgongo wa Twalib, na mzee wa watu hata hakugeuka. Shamsia alirudi jikoni akalia, akijilaumu kwa kununa kwake.

Hakumwambia, na Twalib naye hakusema. Shamsia alihamishia cherehani yake kwenye baraza la karakana, akidai ndani kuna joto. Mteja akiuliza jambo fundi akiwa ameinama, yeye ndiye aliyejibu. Gurudumu likizungushwa, alisimamisha cherehani asikilize, maana mwanamke aliyeishi na sauti hizo tangu alipoolewa anazijua. Likiwa bovu, alingoja mteja aondoke, akamkabili mumewe uso kwa uso na kumwomba alitazame tena lile la kushoto. Twalib alikunja uso, akalifungua, akabadilisha. Matela mengi yalilala pale siku moja au mbili, kwa hiyo nafasi ya kulinda heshima ya mtu ilikuwepo.

Mugeta wa Nyegina hakuwa na nafasi hiyo. Alikuja asubuhi na boti tayari juu ya tela, anaipeleka kwa shemeji yake, kwenye mwalo wa wavuvi upande wa Bunda. Mbele kwenye pikapu kulijaa, kwa hiyo mkewe Gaudensia alikaa ndani ya boti na watoto wawili, katikati ya nyavu na masufuria. Twalib alipiga jeki. La kulia lilizunguka vizuri. La kushoto Shamsia alilisikia kutoka barazani, likikwaruza, likishika na kuachia.

Twalib alifumbua macho, akatabasamu. "Iko safi. Nenda kwa amani."

Shamsia aliinuka mbio. Alimshika mumewe mkono, akamnong'oneza kwamba la kushoto ni bovu. Twalib akainamisha kichwa, akauliza nini. Shamsia akarudia, kwa nguvu kidogo. Akauliza tena nini. Mugeta alikuwa ameshawasha gari, na mlio wa injini ukameza kila kitu. Mtoto mmoja alimpungia Shamsia mkono kutoka ndani ya boti.

"Baba Khalidi, husikii," alipiga kelele. "La kushoto bovu. Siku nyingi wewe husikii."

Mugeta akazima gari. Wachomeleaji wa karakana ya pili wakasimama, na mama wa mkaa ng'ambo ya barabara akageuka. Twalib alikuwa amesikia. Kati ya maneno yote ya mwaka ule, hayo yalimfikia mazima.

Alimteremsha Gaudensia na watoto, akalifungua gurudumu. Sili, ule mpira wa kuzuia maji, ilikuwa imepasuka, maji yakatoka meupe pamoja na grisi, na vyuma vya beringi vilikuwa vyekundu kwa kutu, kimoja kimeshatoka mahali pake. Aliweka mpya, akaipaka grisi kwa kiganja mpaka ikashiba, akagonga sili mpya ikakaa. Mikono yake haikukosea hata kidogo. Alipomaliza alilizungusha gurudumu, akainua bisibisi kuelekea sikioni, ikaishia njiani. Akampa mkewe.

Shamsia alisikiliza mbele ya watu wote, akatikisa kichwa kuafiki.

"Asante sana, mama," Mugeta alisema. Hakumtazama fundi.

Akina Mugeta wakafika salama, na ni vizuri walifika. Lakini Twalib alifunga karakana kabla ya saa sita, akakaa uani akiangalia ukuta.

Jioni walikula pamoja, ugali na sato. Shamsia alikuwa na maneno aliyoyabeba tangu asubuhi. Alimsogelea, akasema chini kwa chini, "Nisamehe, mume wangu."

Twalib akageuza kichwa. "Unasemaje?"

Ukuta baina yao na majirani ni bati tupu, na majirani nao walikuwa wanakula. Ili neno hilo limfikie, ilibidi mtaa mzima ulisikie, na mtaa ulikwishasikia ya kutosha.

"Nimesema, nikuongeze samaki?" akapaza sauti.

Twalib akamsogezea sahani.