Nilimwandika jirani yangu kwenye hadithi, mumewe akaisikia dukani

Wakuu, habari za wakati huu.

Wengi humu mnanijua kwa simulizi zangu. Leo sijaleta simulizi. Hili limenikuta mwenyewe na sehemu kubwa najiaibisha, kwa hiyo anayetafuta chai za kutunga apite nyuzi nyingine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku milimani Uluguru, juu ya Mlali. Nina miaka mitatu huku. Mtandao mpaka usogee karibu na kisima cha shule, na baridi yake mtu wa Dar haamini kama bado yuko Morogoro.

Upweke ndio ulionifanya nianze kuandika. Baada ya hadithi nne tano kichwa kikakauka. Waandishi mnaelewa. Unaandika mstari, unafuta, unaandika, unafuta.

Jirani yangu ni Mama Asha (majina nimebadilisha). Mkulima wa kabichi na mahindi, miaka arobaini na kitu, anaishi na mumewe tu. Asha alifariki akiwa na miaka minne, kabla sijafika huku, ila mama bado anaitwa kwa jina lake. Kijiji kizima kilijua kwamba mtoto aliteleza mtoni, mama yake akiwa anafua pembeni yake.

Jumapili moja nilikuwa namsaidia kupukuchua mahindi barazani kwake. Mvua inanyesha. Sijui nini kilimgusa, akasema tu:

"Mwalimu, Asha hakuwa pembeni yangu."

Akanieleza. Siku ile alilima tangu alfajiri, halafu ndiyo akaenda kufua. Mtoto akawa analia anataka kubebwa. Akamwambia, "Nitokee hapa, nenda huko." Mtoto akaenda huko. Alipokuja kumtafuta, maji yalishamchukua.

Hayo hakuwahi kumwambia hata mumewe.

Hakulia. Aliendelea kupukuchua. Nikasema pole sana mama, nikarudi chumbani kwangu, nikaandika bila kunyanyua kichwa.

Wakuu, sijawahi kuandika vizuri vile. Hilo nalisema kwa aibu, lakini ndiyo kweli.

Nilibadilisha majina. Mto nikaufanya ziwa, mlima nikaufanya tambarare ya Usukumani. Nikajiona niko salama. Ila kitu kimoja alichonisimulia nilikipenda mno nikashindwa kukiacha: mtoto alikuwa amevaa gauni la kijani nje ndani, mishono inaonekana.

Hadithi ikapaa. Komenti hazihesabiki. Jamaa mmoja akaisoma kwa sauti, akairekodi, ikaanza kuzunguka kwenye magrupu. Sikumkataza. Nilijisikia na mimi mtu.

Jumamosi moja asubuhi niko duka la kijijini, pale wanapokunywa kahawa, wanaume kama sita hivi. Mwenye duka akasema, "Mwalimu, kazi yako hii hapa," akaitumbukiza simu kwenye ndoo tupu ili sauti ikue.

Baba Asha alikuwepo.

Na mimi, wakuu, nilikuwa naangalia nyuso zao natafuta sifa.

Ilipofika kwenye gauni akashusha kikombe.

"Mwalimu, hilo gauni umelitoa wapi?"

"Nimetunga tu, mzee."

"Nilimvalisha mimi. Asubuhi ile nilikuwa na haraka."

Hakuna aliyekumbuka kuzima simu. Yule jamaa akaendelea kusoma mle ndani ya ndoo, "Nitokee hapa, nenda huko." Baba Asha akainuka, akaondoka bila kuaga.

Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mwanamke, kwa hiyo aliyefunga mizigo ni mwanaume. Siku ya tatu alipita na begi na redio yake, anashuka kwenda kupanda basi stendi ya Msamvu, arudi kwao Gairo. Hakumpiga mkewe, hakumtukana. Alimuuliza swali moja tu, kama ni kweli. Mkewe akajibu ni kweli.

Wiki mbili nilimkwepa yule mama. Nikitoka shule nazungukia njia ya juu. Mwishowe nikamfuata shambani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu." Jembe halikusimama.

"Nimekuja kuomba msamaha. Mimi nilibadilisha majina, sikujua kama..."

"Jina langu halikuwa siri, mwalimu."

Nikasema nitaifuta. Akasema, "Futa." Nilifuta siku ileile, lakini sauti bado inazunguka, mpaka leo natumiwa na watu wasiojua kwamba ni yangu.

Halafu akanyooka, akaniangalia. "Unajua kwa nini nilikwambia wewe? Nilisema huyu ni mgeni, hapa hana wa kumwambia."

Na niwaambie kitu kibaya kuliko vyote kwenye uzi huu. Wakati anasema vile, roho inaniuma, mkono ulikuwa mfukoni unatafuta simu nisije nikaisahau ile sentensi. Tangu siku hiyo sijaandika hadithi.

Juzi ameniita mwenyewe. Nikajua nafukuzwa mtaani.

"Baba Asha simu yangu hapokei," akasema. "Lakini hizo hadithi za kwenye simu anasikiliza. Andika tena."

Nikamuuliza niandike nini.

"Sikukwambia yote. Mtoto alipokwenda kule aliniita. Mara mbili. Nilisikia, sikugeuka. Andika nilisikia. Kama ananiacha, aniache kwa yote."

Ndiyo sababu ya uzi huu.

Nilichojifunza: kubadilisha jina la mtu si kumwomba ruhusa. Mtu akikufungulia moyo hajakupa malighafi. Ningemuuliza kwanza, angekataa, na angekuwa na haki.

Waandishi wenzangu humu, nyie mnafanyaje? Mnauliza kabla, au mnaandika kwanza mnaomba radhi baadaye? Tiririkeni, hata matusi nitasoma. Na aliye Gairo, naomba uupitishe huu uzi mpaka umfikie mwenyewe, atajijua.

Mzee, mkeo alisikia, na ameomba ulijue hilo kutoka kwake. Mengine yote nimeyachukua mimi bila ruhusa.